Kura Iliyomwangukia Minza

"Dada, ukishayachukua majibu yangu, utampa nani?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa Minza, msichana wa darasa la sita, katika shule moja ya upande wa Kilangali. Alikuwa amekaa mbele yangu kwenye dawati lililokatika mguu. Mimi nilikuwa na shahada, kitambulisho shingoni, na kishikwambi chenye maswali arobaini kuhusu usingizi, hofu, huzuni na upweke. Kila swali lilikuwa na majibu matatu ya kuchagua. Swali lake yeye halikuwamo. Nikamwambia, "Ni siri." Akanitazama kama unavyomtazama mtu uliyemuuliza njia, naye akakujibu saa.

Nayaandika haya kwa ajili yenu wadadisi wapya, mnaopokea mizani yetu wiki hii. Mimi nastaafu. Najua mtacheka, maana nina miaka thelathini na minne, lakini magoti yangu yana hamsini, na utafiti wetu wa afya ya watoto na vijana katika wilaya hii umefika mwisho wa awamu. Mnaoanza awamu mpya mtapewa mwongozo wenye kurasa nyingi. Usomeni. Kisha someni na haya, kwa sababu kwenye mwongozo hamna Minza.

Siku yangu ya kwanza kazini niliamini nimekuja kufundisha. Tulikuwa tumepanga nyumba Magomeni, pale Kilosa mjini, na asubuhi nikamkuta Mama Tabitha uani akipima dumu la maji. Mama Tabitha alikuwa muuguzi mstaafu, mtu wa milimani, aliyeletwa kwenye utafiti kwa ajili ya vipimo vya mwili. Nikamwamkia, akaitika, akaendelea kulikazia macho dumu lililokaa juu ya mizani kama mtoto mtiifu.

"Mama, hilo dumu nalo ni mshiriki wa utafiti?"

"Ndiye mshiriki pekee asiyebadilika," akasema. "Dumu hili likijaa maji hadi kwenye alama, najua uzito wake. Mizani ikisema vingine, mwongo ni mizani. Wewe huko chuo walikufundisha kumpima mtoto. Walikufundisha kuipima mizani?"

Hawakunifundisha. Kuanzia siku ile dumu lilisafiri nasi kwenye kila pikipiki na kila gari, na kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza kupanda, lilipanda lenyewe. Madereva walidhani tuna kiu isiyo ya kawaida. Nimewaachia dumu hilo. Alama imechorwa kwa rangi ya kucha, isipofutika msiiguse.

Mimi kwa asili ni mtu wa kuuliza. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimekunja uso. Kwa hiyo funzo la dumu lilinikaa vizuri: kila kinachopima nacho kipimwe. Nilijiona nimeshika ufunguo wa kazi nzima. Subirini.

Mwaka wangu wa pili ndipo tulipokwenda shule ile ya Kilangali. Mwalimu mkuu aliitwa Yeremia, mwembamba, mwenye mwandiko mdogo na mzuri kama wa barua za zamani. Mara ya kwanza kumwona alikuwa amepiga magoti kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akimtoa mtoto mwiba kwa pini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Ngoja, mwiba kwanza, serikali baadaye."

Nikamweleza kwamba sisi si serikali. Akasema kila anayekuja na gari na fomu ni serikali mpaka atakapoondoka.

Siku hiyo ilikuwa ya kura. Darasa la sita lilikuwa na watoto wengi, sisi tulihitaji kumi na watano, na utaratibu ulitaka wapatikane kwa bahati tupu, asipendelewe mtu. Mwalimu Yeremia aliandika majina yote kwenye vipande vya karatasi, kwa kuwa yeye ndiye aliyewajua. Tukavikunja na kuvitia kwenye ndoo. Mimi niligeuza uso ukutani, nikawa nachomoa kimoja kimoja na kumpa yeye. Alikifungua, akasoma jina kwa sauti, akakikunja tena, akakitia kwenye bahasha. Mama Tabitha aliandika orodha. Mwisho nikaifunga bahasha kwa stepla. Niliifanya kura ile kwa fahari kubwa. Niliwaambia hata watoto: "Hapa hakuna cha mtoto wa nani. Ndoo haina mjomba."

Jina la saba lilikuwa la Minza.

Mwalimu Yeremia akatuambia kidogo habari zake. Familia yao ilikuja na ng'ombe kutoka upande wa ziwa miaka michache nyuma. Minza alikuwa akilala darasani, hachezi, hasemi, akitumwa maji anakaa njiani. Walimu wawili walishamwita mvivu, na baba yake ameamua kwamba shule haimfai: mwezi ukiisha atampeleka Mikumi kwa shangazi yake mwenye mgahawa kando ya barabara kuu, pale malori yanapolala, akaoshe vyombo. "Nimekwenda kwake mara mbili kumwambia ampeleke mtoto hospitali," alisema Mwalimu. "Ananiambia, mwalimu, wewe unatafuta kujaza daftari lako la mahudhurio."

Nikaandika kwenye daftari langu: "Na. 7, huenda akahama." Ndivyo nilivyokuwa.

Wiki iliyofuata tulirudi kupima. Wazazi walikuja kutoa idhini. Baba yake Minza alikuja na fimbo yake, kofia mkononi, akakataa kiti.

"Nimesikia mnachukua damu," akasema. "Nataka kujua. Mkishaichukua, mnampa nani?"

Mama Tabitha hakukasirika. "Baba, karibu. Ni tone moja, dogo kuliko analonyonya mbu. Linaingia kwenye hiki kidude, kinasema namba, basi. Pamba inaingia kwenye sanduku, sanduku linachomwa moto. Ukitaka simama hapa hapa uone."

"Na kwa nini mtoto wangu? Mwalimu ndiye kamchagua?"

"Ni kura," nikadakia mimi. "Nimechomoa mwenyewe, nimegeuzia uso ukutani."

Akafikiri. "Kura?"

"Kura."

"Mwalimu naweza kubishana naye," akasema. "Na wewe msichana naweza kubishana nawe. Kura ikishamwangukia mtu, imemwangukia." Akaweka dole gumba kwenye wino, kisha akasimama mlangoni kuilinda damu ya mwanawe.

Mimi nikaanza maswali kwenye chumba cha pili. Mtoto wa kwanza: Katika wiki mbili zilizopita umejisikia mpweke? Hapana kabisa. Umekosa usingizi kwa mawazo? Hapana kabisa. Unafurahi kucheza na wenzako? Sana. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo, na bila kupumzika, akinijibu kabla sijamaliza swali. Kufikia mtoto wa sita nilikuwa nimegundua shule yenye furaha kuliko zote nchini, na sikuamini hata chembe.

Nikakumbuka dumu. Nikaamua kuipima mizani yangu. Lilipofika swali la nne nikaliruka, nikauliza la tisa mahali pake: "Unafurahi kucheza na wenzako?"

"Hapana kabisa," akajibu mtoto kwa furaha.

Nikauliza la nne kwenye nafasi ya tisa: "Huwa unalia bila kujua sababu?"

"Sana," akasema, akitabasamu.

Nikainuka, nikaenda kuutazama ubao wa darasa lao. Ulikuwa umefutwa kwa haraka. Chini ya vumbi la chaki, kwa ule mwandiko mzuri, bado ilionekana safu ndefu: 1. Hapana kabisa. 2. Hapana kabisa. 3. Hapana kabisa. Barua yetu ya kuomba kibali ilikuwa imeambatanishwa na nakala ya maswali, kama utaratibu unavyotaka. Mwalimu mkuu alikuwa amelifanyisha darasa mazoezi.

Nilitaka kumfuata palepale, lakini zamu ilikuwa ya Minza. Aliingia akishika ukuta. Nikaanza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu: Hapana kabisa, kwa sauti ya chini. Nikaruka kwenda la tisa.

Akaniinulia uso, akasema, "Dada, umeruka."

"Nimeruka makusudi."

Akanitazama muda mrefu. Wenzake sita walikuwa wamepita na wimbo wao. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akisikiliza maswali. Na hapo ndipo aliponiuliza lile: ukishayachukua majibu yangu, utampa nani? Baba yake alikuwa ameuliza swali hilo hilo kuhusu damu, na alipewa jibu, tena la kina, hadi moto wa kuchomea pamba. Binti yake nikampa neno moja.

Ukweli ni kwamba majibu yale yalikuwa yakienda kwenye kompyuta mjini, yanakuwa namba, namba zinakuwa mchoro. Mchoro una kazi yake, siukatai. Lakini hakuna mtu hata mmoja, mwenye miguu, ambaye angefika Kilangali kumwambia Minza, nimesikia.

"Basi andika hapana kabisa," akasema, akainuka. Pale mlangoni magoti yakamlegea, Mama Tabitha akamdaka.

Kidole kilichomwa akiwa amekaa chini. Kidude kikatoa namba ya wingi wa damu: sita. Mtoto wa umri wake alitakiwa awe na karibu mara mbili ya hapo. Mama Tabitha alirudia kwa kidole kingine, kwa sababu naye ni mtu wa dumu. Sita tena.

Baba yake akauliza, "Sita ni nyingi au chache?"

Nikafungua mdomo nianze kueleza himoglobini. Mama Tabitha akaninyamazisha kwa jicho. Akamwita baba karibu, akavuta taratibu kope ya chini ya Minza.

"Baba, wewe ni mfugaji. Angalia hapa. Unaona rangi gani?"

Mzee akainama. Nilimwona anavyotazama. Hakutazama kama baba, alitazama kama mtu anayejua anachotafuta.

"Nyeupe," akasema.

"Ng'ombe wako akiwa na jicho hili, hali majani, analala lala, anabaki nyuma ya kundi. Unasema ni mvivu?"

"Ng'ombe hana uvivu. Huyo anaumwa. Ana minyoo, au kupe wamemmaliza."

"Unafanyaje?"

"Namwita bwana mifugo siku hiyo hiyo."

"Haya," akasema Mama Tabitha, akaiachia kope. "Na huyu?"

Mzee akamtazama mwanawe. Akavaa kofia, akaivua. Kisha akatoka nje akapiga mluzi kwa dereva wa pikipiki aliyekuwa chini kwenye kona, mluzi wa kuitia kundi zima. Mama Tabitha akaandika barua ya rufaa haraka kuliko nilivyowahi kumwona akiandika, na baada ya muda mfupi Minza alikuwa amebanwa katikati ya dereva na baba yake, wanaelekea hospitali Kilosa. Fimbo ilibaki imeegemea ukuta wa shule. Mfugaji akisahau fimbo, mjue ameshtuka.

Sasa nikamgeukia Mwalimu Yeremia, nikiwa na hasira zangu zote za shahada.

"Mwalimu, umewafundisha majibu!"

"Nimewafundisha," akasema bila kupepesa. "Binti yangu, maswali yanatoka juu, yamepigwa chapa, yana namba. Shule ya jirani ipate zote, yangu ishindwe kuwa na furaha? Nitamwambia nini mkaguzi?"

"Si mtihani!"

"Ungeandika juu ya karatasi."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Hatukuwa tumeandika. Lakini sikumsamehe. Kwa miaka mingi, kila nilipofundisha wadadisi wapya, nilimtaja bila jina kama mfano wa mtu anayeharibu utafiti kwa adabu.

Jioni hiyo nilimpigia simu daktari aliyeongoza utafiti.

"Data za shule ile nimeziona zikiingia," akasema. "Safi sana. Hakuna hata pengo moja."

"Ndilo tatizo lake, Daktari."

Nikamweleza kuhusu swali la nne na la tisa. Akasema kurudia shule nzima ni kazi. Nikasema ni kazi, na kutorudia ni uongo. Akaniuliza nina mwaka wa ngapi kazini. Nikasema wa pili. Akacheka, akasema mtu wa mwaka wa pili hupaswa kuwa mwoga zaidi ya hapo, kisha akaruhusu. Nami nikatumia mwanya huo kuomba ukurasa mmoja uongezwe mwisho wa dodoso. Ukurasa huo mnao mikononi mwenu leo, mkiudhani umekuwepo tangu mwanzo. Unasema, kwa maneno ambayo mtoto anaelewa: huu si mtihani, majibu yako watayaona fulani na fulani, na kama kuna jambo unataka mtu mzima mmoja alijue, tutajie jina lake, tutamwambia tukiwa na wewe. Wenzetu walibishana juu yake miezi kadhaa. Walisema watoto hawatajaza. Mama Tabitha akasema, "Watoto hawajazi kwa sababu hamjawahi kuwaachia mstari."

Tulirudi Kilangali baada ya miezi minne. Minza hakuwa amekwenda Mikumi. Alikuwa ameongezewa damu, ametibiwa minyoo na malaria, anakunywa vidonge, na Mama Tabitha alipomchoma kidole kidude kikasema kumi na moja. Mama Tabitha, ambaye sijawahi kumwona akisherehekea hata Krismasi, alipiga kigelegele kimoja, watoto wote wakageuka.

Safari hii tulikaa chini ya ukuta, nje, hakuna ubao. Nikamsomea kwanza ule ukurasa wa mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo sasa unajua utampa nani?"

"Najua. Wewe ndiye utakayeniambia."

Akajibu maswali yote arobaini, taratibu. Kulikuwa na "sana" pale ambapo sikutegemea, kuhusu kuitwa mvivu, kuhusu kuogopa kulala kwa sababu alidhani akilala hataamka. Mwili ulikuwa umeanza kupona, hofu bado. Nilikuwa nimesoma chuoni kwamba vitu hivi viwili huenda pamoja. Pale ndipo nilipoona vimekaa kwenye dawati moja. Na kwenye mstari wa jina la mtu mzima akaandika: Mwalimu Yeremia.

Nilidhani amekosea. Nikamuuliza mara mbili. Akasema, "Ni yeye." Nikafanya kama ukurasa unavyotaka, tukaketi watatu, na yule mzee niliyemdharau akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Tangu hapo, kila Jumatano baada ya masomo, alikuwa akikaa naye kwenye kizingiti cha ofisi wakichambua mchele wa chakula cha shule na kuzungumza. Hofu ya kulala ilimwisha kabla mwaka haujaisha.

Kutoka hapo mambo yalikimbia. Mwaka uliofuata tuliupeleka ukurasa Mikumi, kwenye shule ambayo watoto wake husinzia kwa sababu ya kelele za malori na kuuza vitu barabarani. Tulitegemea majina ya walimu na wazazi. Watoto saba tofauti walimtaja mama mmoja anayechoma mahindi karibu na maegesho. Tulimfuata, akafuta mikono kwenye khanga, akasema, "Mimi? Mimi si nauza mahindi tu?" Leo ana kiti chake kwenye kamati ya shule, na bado anachoma. Huko Kilangali baba yake Minza alisimama kwenye mkutano wa kijiji akawafundisha wafugaji wenzake kuvuta kope za watoto wao. Alifanya kwa namna ya kutisha kidogo, lakini walimwelewa kuliko bango lolote tulilowahi kubandika. Ukurasa sasa uko kwenye kila shule tunayofika. Naandika hili bila unyenyekevu. Tulishinda, na ninyi anzieni hapo.

Minza mwenyewe ni afisa mifugo. Wazee wanamwita bwana mifugo kwa mazoea, naye anaitika.

Juzi nilikuwa nikipanga vifaa vya kuwakabidhi. Chini ya kasha la kishikwambi cha zamani nikakuta bahasha ya kura ya Kilangali, bado imebanwa na stepla yangu. Ilipaswa kuchomwa zamani. Nikaona aibu kuichoma bila kuifungua, mtu wa dumu kama mimi. Nikavifungua vikaratasi kumi na vitano, nikavilinganisha na orodha ya Mama Tabitha. Kumi na vinne vilikuwa sawa. Jina la Minza halikuwamo. Mahali pake palikuwa na kikaratasi chenye jina lisilo kwenye orodha, kwa ule mwandiko mdogo na mzuri: Zabroni.

Nikampigia Mwalimu Yeremia, ambaye naye amestaafu. Nikamwamkia, akaitika, nikamsomea jina.

"Zabroni," akasema. "Eeh. Yule alikuwa mzima kama dume la mbegu. Mngempima mngeharibu kidole bure."

"Mwalimu, mimi nilikupa Zabroni, wewe ukasoma Minza."

"Macho, binti yangu. Siku zile miwani yangu ilikuwa imevunjika."

Nilikata simu, nikampigia Minza, nikamuuliza Mwalimu alianza lini kuvaa miwani. Nilisikia ng'ombe akilia karibu naye.

"Miwani?" akasema. "Dada, Mwalimu hajawahi kuvaa miwani maisha yake. Wiki iliyopita tu nilikuwa namshona ndama jeraha, mikono yote miwili imeshika ngozi, yeye ndiye aliyenitungia uzi kwenye sindano."